Sheria sita zinatosha, lakini utepe nani aliupanga?

Chukua utepe usio na mwisho, ugawe visanduku, kila kisanduku ukipake rangi moja kati ya tatu. Juu yake weka kamashine kanakoona kisanduku kimoja tu kwa wakati, kenye hali mbili pekee. Kanaangalia rangi, kanapaka nyingine, kanasonga hatua moja kushoto ama kulia, na pengine kanabadilisha hali. Rangi tatu mara hali mbili, sheria sita. Zinatoshea nyuma ya risiti ya supamaketi.

Sasa wanasema haka kamashine kanaweza kukokotoa chochote ambacho kompyuta yoyote duniani inaweza kukokotoa. Polepole sana, lakini chochote.

Aliyekashuku ni Stephen Wolfram. Mei 2007 akaweka zawadi ya dola 25,000 kwa atakayethibitisha kwamba kanaweza, ama hakawezi. Oktoba mwaka huo huo zawadi ikamwendea Alex Smith wa Birmingham, Uingereza, kijana wa miaka 20. Rika langu, wasee! Na najua komenti zinakuja: "Si unaona? Digrii ni ya nini?" Mimi niliacha chuo na ningependa sana hii iwe hadithi yetu. Siyo. Smith alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Msimtumie kunitetea.

Hakuthibitisha kwa kukaendesha kamashine na kungoja. Alijenga mnyororo: haka kanaweza kuiga mfumo fulani, mfumo huo unaiga mwingine, huo mwingine unaiga mwingine tena, hadi unafika kwa mfumo ambao tayari ulijulikana kuwa unaweza yote. Ni kama mtu anayemwigiza mtu anayemwigiza mtu. Kazi safi.

Shida iko kwa utepe. Kwa kawaida utepe wa mashine ya Turing huanza ukiwa mtupu, isipokuwa kipande kidogo ulichoandika wewe. Wa Smith umejazwa rangi bila mwisho, kwa mpangilio usiojirudia. Vaughan Pratt wa Stanford akapinga: ukiruhusu hivyo, utajuaje kazi haikufanywa na aliyepanga utepe? Upande wa Smith ukajibu kwamba anayepanga ni utaratibu rahisi tu, wenyewe hauwezi kukokotoa kila kitu, kwa hivyo akili haiwezi kuwa imefichwa huko.

Hapo ndipo mimi nashikana na Pratt. Mashine yenye rundo moja la kumbukumbu, ile unaweka juu na kutoa juu pekee, haiwezi yote. Ipe marundo mawili, inaweza yote. Vitu viwili dhaifu vikiungana vinaweza kuzaa nguvu ambayo hakuna hata kimoja kilikuwa nayo. Kwa hivyo kusema "mpangaji ni dhaifu" hakumalizi kesi. Zawadi Smith alistahili, simnyimi. Lakini kichwa cha habari kinafaa kusema kamashine pamoja na utepe wake.

Na sisi wa kutengeneza video ndio wa kwanza kuufuta utepe, kwa sababu "sheria sita tu" inauza. Ni kama zile video za "nilianza na sifuri". Yangu ya kwanza nilirekodi na simu ya dadangu, kwa nyumba ambayo mamangu analipa kodi. Hiyo ni sifuri gani?

Kwanza haka kamashine hakana hata sheria ya kusimama. Kanaenda tu, ni wewe wa kuamua jibu limetoka lini. Nikitaka kumwonyesha mtoto wa sekondari mashine ndogo inayoweza yote, nitachagua ya Marvin Minsky, 1962: hali saba, rangi nne. Ni kubwa kidogo, sawa, lakini nje ya pale ulipoandika, utepe wake ni mtupu pande zote mbili.