Jani la Uluguru halihitaji tena kuvuka forodha

Uamuzi wa Cali, Colombia, wa Novemba 2024 umesifiwa kupita kiasi. Nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuai zilianzisha mfuko wa kuchangiwa na kampuni kubwa zinazonufaika na taarifa za vinasaba vya viumbe: asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato, na walau nusu ya fedha iwafikie wenyeji. Kisha mchango wenyewe ukaachwa kuwa wa hiari.

Kwa watu wa Matombo, Kinole na Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, hata mchango huo ungekuwa wa lazima bado wangepunjwa.

Tazama dawa za virusi zinavyotafutwa leo. Umbo la kimeng'enya ambacho kirusi cha korona hakiwezi kuzaliana bila hicho liliwekwa hadharani mapema 2020. Programu ya kompyuta hupachika humo maelfu ya viambata, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja hupewa alama kwa jinsi kinavyokaa. Viambata hutoka kwenye kanzidata. Ile ya mimea ya Afrika Mashariki, iliyochapishwa 2020, ilikusanya viambata 1,870 vya spishi zipatazo 300 kutoka maandiko ya 1962 hadi 2019. Inapatikana bure.

Wapo wanaosema uhuria huo unamfaa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) asiye na fedha. Kweli, unamfaa. Wengine husema alama ya kompyuta si dawa, na vingi vitaanguka maabara. Nayo ni kweli. Lakini kama hakipatikani kitu, sharti la kugawana faida linamwumiza nani? Na kitu hupatikana: ensitrelvir, iliyoruhusiwa kwa dharura Japani Novemba 2022, ilianzia kwenye mchujo wa kompyuta.

Kiini cha tatizo ni hiki. Itifaki ya Nagoya, ambayo Tanzania ilijiunga nayo 2018, inamtaka mtafiti aombe ridhaa anapokuja kuchukua mmea au maarifa ya wenyeji. Sheria hiyo inafaa pale mmea wenyewe unaposafiri. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, ili alifikishe kwao ua la zambarau la Usambara, ambalo lina ndugu zake Uluguru, ilimbidi atume mbegu. Mbegu inaweza kuzuiwa bandarini. Mchoro wa molekuli hauna bandari. Kampuni inaupakua, inauchuja, inaunda kemikali hiyo kiwandani, na haijagusa jani hata moja. Nagoya haina pa kuikamatia. Cali nayo inataja mfuatano wa vinasaba, na kiambata si mfuatano wa vinasaba. Ni kemikali iliyotengenezwa na mmea. Wajumbe walioketi pale hawakuandika waziwazi kama nayo imo. Waliacha mlango wazi, kisha wakapiga makofi.

Na Mluguru? Tangu 2008 hekta 24,115 za msitu wake ni hifadhi ya mazingira asilia. Gome ambalo babu yake alilibandua kutibu homa, yeye haruhusiwi kulibandua bila kibali. Ameshalipa. Anayedaiwa ni mwingine, na ndiye tunayemwambia alipe akijisikia!

Serikali haina haja ya kusubiri mkutano mwingine. Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ndiyo inayotoa vibali vya utafiti. Iandike humo kwamba kila muundo wa kiambata utakaochapishwa ubebe jina la mmea, kijiji ulikochumwa na sharti la kugawana faida, na kwamba sharti hilo liufuate muundo huo hadi kwenye kanzidata yoyote utakapoingizwa.