Mzigo Pungufu, Malipo Kamili

Kariakoo haiwauzii wakazi wa Dar es Salaam peke yao. Kutoka mitaa ya Kongo na Msimbazi bidhaa hufungwa zikapelekwa Songea, Kigoma, na hata ng'ambo ya mipaka, Zambia na Kongo. Mnunuzi aliye mbali hulipa kwanza, mzigo humfuata baadaye. Biashara ya namna hii husimama juu ya uaminifu.

Tuseme mtu wa Songea amelipia kwa kadi doti 100 za khanga, zikamfikia 70. Muuzaji asema alizifunga zote. Mwenye basi asema alipokea robota lililofungwa, hakuhesabu. Mnunuzi afanye nini?

Wako wanaodhani kwamba aliyepokea sehemu ya mzigo amekwisha kuukubali wote. Sivyo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, yampa aliyepelekewa pungufu hiari ya kuukataa mzigo; na akiupokea, hulipia alichopokea kwa bei waliyopatana. Taratibu za kadi za Visa na Mastercard nazo hufuata njia hiyo. Mnunuzi humdai muuzaji kwanza. Akikataliwa huiandikia benki yake, kwa kawaida kabla ya siku 120 kupita, akidai thamani ya kilichopungua. Hiyo ni thamani ya doti 30, si ya 100. Aliyeshika doti 70 mkononi akadai fedha zote, naye ni mnyang'anyi. Benki ikimpuuza mwenye haki, malalamiko yake yaweza kupelekwa Benki Kuu.

Lakini dai halisimami pasipo ushahidi, na hapa ndipo wanunuzi wengi hujifunga wenyewe. Wapo wanaokubali stakabadhi ya shilingi laki mbili kwa mzigo wa milioni moja, ili muuzaji akwepe kodi nao wapunguziwe bei. Siku mzigo ukipungua, karatasi ile humtetea muuzaji. Aliyeshiriki kuiibia Hazina amejiibia na haki yake mwenyewe. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo twasema mambo mawili. Kwanza, mnunuzi adai stakabadhi ya bei kamili, na robota lisifungwe kabla ya orodha kutiwa sahihi na muuzaji pamoja na mchukuzi. Pili, wananchi wengi hawalipi kwa kadi bali kwa simu, na fedha zikisha kutolewa kwa wakala, kuzirudisha ni kazi ngumu. Yafaa Benki Kuu na makampuni ya simu wamwekee mlipaji huyu njia ya kudai iliyo wazi kama ya mwenye kadi. Si haki mwenye kadi alindwe, na mchuuzi mdogo mwenye simu aachwe na kilio chake.

Wafanyabiashara waaminifu wa Kariakoo hawana la kuogopa katika haya. Wao ndio wa kwanza kupoteza wateja pale mwenzao mmoja anapopunja.