Musoma, Butiama, Bunda: barabara za changarawe ni mali, tuzitunze

Tangu 2019, msafara wa baiskeli wa Twende Butiama umekuwa ukiondoka Dar es Salaam na kukata mkoa baada ya mkoa, zaidi ya kilomita 1,000, hadi nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, kwa ajili ya kumbukumbu ya kifo chake kila 14 Oktoba. Hulakiwa kwa shangwe, picha zikapigwa, hotuba zikatolewa. Oktoba ikishapita, Mara inarudi kuwa mkoa wa kupitia tu: mtalii anauvuka akielekea lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, na basi la Sirari linasimama Bunda kwa dakika chache na kuondoka. Hoja yangu ni kwamba mkoa huu una kila kitu cha kumkalisha mwendesha baiskeli kwa siku kadhaa, si Oktoba tu, na kitu hicho ni zile barabara za vijijini ambazo tumezoea kuzionea aibu kwa sababu hazina lami. Halmashauri za Musoma, Butiama na Bunda zikae na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, zichague njia moja ya kudumu ya changarawe, ziiwekee vibao, na zihakikishe inapitika.

Kuna watu waliowahi kuitetea barabara ya vumbi na wakashinda. Mwaka 1997, katika mji mdogo wa Gaiole, kwenye vilima vya Chianti nchini Italia, Giancarlo Brocci alianzisha tamasha la baiskeli liitwalo L'Eroica. Lengo lake halikuwa kumpata bingwa. Barabara nyeupe za changarawe zilizopita katikati ya mizabibu na mizeituni zilikuwa zikifunikwa lami moja baada ya nyingine, naye aliona zikiisha, hulka ya vilima vile itakuwa imekwenda nazo. Sharti la L'Eroica ni baiskeli ya mbio iliyotengenezwa kabla ya 1987, ya chuma, yenye gia za zamani. Leo wanaokwenda ni maelfu, na njia ya tamasha, kama kilomita 200 hivi, ina vibao vya kudumu, kwa hiyo mgeni anaweza kuipita mwezi wowote bila kusubiri siku ya tamasha. Mwaka 2007 wanariadha wa kulipwa nao waliletwa kwenye barabara hizo hizo, katika mashindano ambayo sasa yanaitwa Strade Bianche na kumalizikia uwanja mkuu wa Siena. Baadaye, kaskazini mwa nchi hiyo, mkoa wa Veneto uliandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya baiskeli za changarawe, 2022, na ya pili mwaka uliofuata, yakipita vilima vya mvinyo wa Prosecco. Kinachonivutia katika habari hii ni mpangilio wake: barabara ililindwa kwanza, njia ikawekewa alama, na umaarufu ukaja mwisho. Sisi huanza na umaarufu. Tunaandaa siku moja kubwa, halafu tunaacha.

Wala hatulazimiki kwenda Ulaya kutafuta mfano. Mto Mara unaomwaga maji yake Ziwa Victoria jirani na Musoma unatokea Kenya, na huko juu, katika nchi ya Wamasai, tangu 2021 yanafanyika mashindano ya changarawe ya Migration Gravel Race, ambapo waendeshaji wa Kenya, Uganda na Rwanda wanapambana na wageni kwa siku nne. Aliyekuwa nahodha wa kikosi cha waendeshaji hao wa Afrika Mashariki, Mkenya Suleiman Kangangi, alifariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani, lakini kikosi alichokijenga bado kinakimbia. Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Majirani wameshaelewa kwamba vilima, ambavyo sisi tunavilaumu kwa kutuchosha, ndivyo wageni wanavyovifuata.

Na vilima tunavyo. Toka Musoma asubuhi, ziwa likiwa mgongoni, ukiiacha Shule ya Mwisenge alikosoma Mwalimu. Ardhi inapanda taratibu kati ya mashamba ya muhogo na mtama, na mawe makubwa yamekaa juu ya mawe mengine kiasi kwamba mgeni hujiuliza yameshikiliwa na nini. Butiama haizidi mwendo wa asubuhi moja kwa mtu aliyezoea kanyagio. Pale Mwitongo yupo Mwalimu kaburini, makumbusho yake yaliyofunguliwa 1999 yako jirani, na historia ya Wazanaki inasimuliwa na watu walioirithi. Kutoka hapo mtu anateremka kwa njia za ndani kuelekea Nyamuswa, katika nchi ya Waikizu, kisha Bunda, na mwenye nguvu zaidi anaweza kuendelea hadi Kisorya akavuka kwa kivuko kwenda Ukerewe. Mizabibu hakuna, wenye zabibu ni Dodoma. Lakini sato aliyetoka ziwani asubuhi na ugali wa muhogo si vitu vya kumwombea mgeni radhi.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, ni kwamba wananchi wanataka lami. Ni kweli, na wana haki. Ujenzi wa barabara ya Makutano hadi Sanzate, inayopita Butiama, ulichukua miaka mingi kuliko ilivyoahidiwa, na aliyeusubiri hawezi kuelewa mtu anayesifia vumbi. Mama mjamzito anayekimbizwa hospitali hahitaji mandhari. Lakini sisemi barabara kuu ziachwe. Ziwekwe lami zote, tena zenye mabega mapana. Nasema juu ya mamia ya kilomita za vijijini ambazo, kwa bajeti yoyote tuijuayo, hazitafikiwa na lami hivi karibuni. Kwa barabara hizo uchaguzi halisi ni kati ya changarawe inayotunzwa na changarawe inayokufa. Kila anayetembea huko anajua inavyokufa: mtaro unaziba, maji ya masika yanahamia katikati ya barabara, yanachimba korongo, na mwaka unaofuata muuza muhogo anashuka kwenye baiskeli na kuisukuma, gunia likiyumba kwenye karia. Mtaro uliozibuliwa kwa wakati, kalavati lililosafishwa na moramu iliyoshindiliwa vizuri vinamfaa huyo muuza muhogo kabla ya kumfaa mtalii yeyote. Njia yenye vibao na wageni inaipa halmashauri sababu ya kila mwaka, yenye fedha ndani yake, ya kutoisahau.

Wengine watasema baiskeli hizi ni anasa ya Wazungu. Bei zake ni kubwa, hilo sibishi. Ila tazama tairi. Baiskeli mpya ya changarawe, inayosifiwa kama uvumbuzi, kwa kawaida huvaa tairi la milimita 40 hivi, upana uleule, inchi moja na nusu, wa tairi la Phoenix au la Swala iliyotengenezwa hapa hapa nchini. Kanda ya Ziwa imesafiri kwenye changarawe kwa tairi hizo kwa vizazi, ikiwa na mtoto mbele na debe nyuma. Fundi aliyekaa chini ya mwembe, anayezamisha tyubu kwenye karai la maji akitafuta mapovu, kisha akakwangua, akapaka solusheni na kubandika kiraka, ana ujuzi ambao mgeni aliyepata pancha Kiabakari atauhitaji mara moja. Fundi huyo apewe mafunzo mafupi ya breki za diski na tairi zisizo na tyubu, na jina la kijiwe chake liingizwe kwenye ramani ya njia. Tena njia isiyokodisha baiskeli za kawaida kwa vijana wa Musoma itakuwa imekosea tangu mwanzo. Oktoba 1967, Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, akiunga mkono Azimio la Arusha. Safari ya mwendo wa polepole, inayomkutanisha msafiri na kila kijiji, si desturi tuliyoletewa juzi na ndege.

Usalama ndio unaonisumbua zaidi. Barabara kuu ya Mwanza–Sirari ina malori na mabasi ya kasi, na Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani duniani ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Hiyo ndiyo sababu ya kutaka njia ya ndani, ambako gari hupita moja moja na dereva wa bodaboda humsalimia anayempita. Upande wa Bunda kuna tembo, ambao hutoka hifadhini na kuingia mashamba ya vijiji kama Hunyari na Kunzugu. Wanakijiji wanaoamka na kukuta mahindi yamelala chini hawahitaji tuwaletee baiskeli gizani. Njia ikae mbali na mpaka wa hifadhi, iendeshwe mchana tu, na viongozi wa vijiji wawe na mamlaka ya kuifunga siku tembo wakionekana. Masika nayo yaheshimiwe: udongo mweusi wa mbuga ukilowa hujaza madigadi hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Juni hadi Septemba inatosha kuanzia.

Kazi ya kwanza ni ndogo. Mtu wa TARURA, afisa utalii wa kila wilaya na mafundi wawili watatu wa baiskeli waipite njia hiyo kwa baiskeli, wala si kwa gari la serikali, waandike kila kalavati lililoziba, kila kisima, kila nyumba ya wageni na kila njiapanda inayohitaji kibao. Vibao vyenyewe vinaweza kuchomelewa kwenye karakana za Musoma. Vikisimikwa kabla ya Oktoba, waendeshaji wa Twende Butiama watakapowasili waonyeshwe njia ya kuendelea nayo hadi Bunda kesho yake.