Mwanasesere Asiyechezewa

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Amma baad.

Ndugu Waislamu, wapo wazazi, hasa wenye jamaa Ulaya na Marekani, wanaouliza juu ya vijisanamu vya vinili vyenye sura za mazimwi ya filamu za kale: Dracula mnyonya damu, kiumbe wa Frankenstein, maiti ya Misri iliyofufuka na mtu ageukaye mbwa mwitu. Filamu hizo zilitolewa Marekani na kampuni ya Universal kati ya mwaka 1931 na 1941. Leo mazimwi hayo yamefanywa madogo, yenye vichwa vikubwa na macho ya duara, na kampuni kama Funko huyauzia watoto na watu wazima. Je, yafaa kuwekwa nyumbani?

Wanavyuoni wamekataza sanamu za viumbe wenye roho, lakini wengi wao wamevua vitu vya kuchezea watoto. Dalili yao ni Bi Aisha (R.A.), aliyekuwa na wanasesere, miongoni mwao farasi mwenye mbawa za kitambaa. Mtume (S.A.W.) alimwuliza habari za farasi huyo, akacheka, wala hakukemea. Basi ugeni wa umbo peke yake si hoja. Kilicholeta ruhusa ni mchezo.

Hapa ndipo penye uzito. Vingi vya vijisanamu hivi havinunuliwi vichezewe. Mkusanyaji huviacha ndani ya kasha lenye dirisha la plastiki, kwani kasha likifunguliwa au likibonyea pembe, bei hushuka. Vingine hutolewa kwa idadi ndogo makusudi, ili uhaba uzae tamaa. Vingine huuzwa katika visanduku vilivyozibwa, mnunuzi asijue amepata kipi mpaka amekwisha kulipa. Amtafutaye Dracula akamkosa, hununua cha pili, cha tatu, hata cha kumi. Hii ni gharar iliyo wazi. Na mwezi Machi 2023, Funko ilitangaza kwamba itateketeza bidhaa zake zenye thamani ya dola milioni 30 hadi 36, kwa kuwa maghala yalifurika. Hazina ya jana ikawa taka.

Kwa hiyo, ruhusa ya kitu cha kuchezea haikifuniki kitu kisichochezewa. Kijisanamu kisimamacho rafuni, kikaogopewa hata kuguswa, kimetoka katika mlango wa mchezo kikaingia katika mlango wa pambo na fahari, na huko hukumu ni nyingine.

Wazazi, msivunje vitu vya watoto kwa hasira. Mtoto mdogo aliyeletewa zawadi na mjomba wake, na afungue kasha, acheze mpaka rangi ibabuke. Kijana mwenye safu ya makasha, na akae na baba yake wahesabu pamoja fedha zilizokwenda humo. Nasi watu wazima tuyatazame makabati yetu ya vioo, yenye vikombe visivyonywewa mwaka mzima. Huenda watoto walijifunzia hapo.

Wahenga walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Tamaa haina ukarimu huo: hata ikikujua, hula ikamaliza.

Wallahu aalam.