Kompyuta Inajua Bima ya Bibi, Haijui Umri Wake (Sehemu ya 4)

Mama zangu na dada zangu, leo tusichekeane.

Siku hizi daktari anabofya, ukifika dirisha la dawa jina la bibi limeshatangulia. Safi. Mimi nesi sitaki kurudi kwenye vyeti vya mwandiko wa kuku. Ila msidanganyike: kosa lililochapwa bado ni kosa. Tofauti ni kwamba linasomeka vizuri.

Mfano. Bibi ana presha, anakunywa enalapril na furosemide ya kupunguza maji. Magoti yanauma, anaongezewa diclofenac. Kila moja ina kazi yake, lakini zikikutana zote tatu, figo za mzee zinaweza kufeli.

Mwingine ana sukari, anapewa glibenclamide. Figo zimechoka, dawa inakaa mwilini muda mrefu, sukari inashuka usiku. Asubuhi anaongea vitu havieleweki, nyie mnasema "uzee huo" au "karogwa". Na Piriton ya mafua? Inaweza kumchanganya, akaanguka chooni, nyonga ikavunjika.

Si siri hizi. Marekani wana orodha ya Beers ya dawa za kuepuka kwa wazee tangu 1991. Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 lilitaka madhara makubwa ya dawa yanayoepukika yapungue kwa nusu ndani ya miaka 5.

Sasa niambieni: mfumo niliowahi kuutumia ulikuwa unamkatalia mgonjwa papo hapo kadi ya bima ikiisha muda. Lakini mzee wa miaka 78 akiandikiwa dawa hizo tatu, kimya! Kwenye hela una macho, kwenye figo ni kipofu. Hiyo si bahati mbaya. Kuna mtu alichagua kipi kiwekwe kwanza.

Najua watasema, "Nesi, maonyo yakizidi daktari atabofya tu apite." Kweli kabisa. Ndiyo maana tunataka maonyo machache, ya hatari kubwa tu, na anayepita aandike sababu. Umri, kipimo cha figo na dawa zote vionekane kwenye skrini moja. Na mgonjwa atoke na orodha yake kwa Kiswahili.

Mpaka hapo, wewe unayemlea mama mkwe: kusanya dawa zake zote, za hospitali, za duka la dawa, hata za mitishamba. Tia kwenye mfuko mmoja, nenda nao kliniki. Uliza: "Hii inapatana na zile? Figo zake zimepimwa?" Usimkatishe dawa ya presha au sukari kwa sababu ya posti yangu. Uliza kwanza.

Wakikuona msumbufu, sawa. Msumbufu anarudi nyumbani na bibi yake.

Kesho sehemu ya 5: dawa za usingizi. Mtumie dada yako hii.