KOFIA YA KEYA ISICHOMWE, WALA ISIVALIWE

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mgala muue na haki yake mpe. Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, walimu wetu wapendwa, mtakumbuka muhula wa pili tulikuwa na mjadala hapa shuleni, hoja ikiwa kwamba sare na kofia za mkoloni zitupiliwe mbali. Mimi nilikuwa upande wa wapinzani, na tulishindwa vibaya sana. Leo nashika kalamu, si kwa sababu ya hasira ya kushindwa, la hasha! Ni kwa kuwa siku hiyo nilinyamazia jambo lililokuwa likinikera rohoni. Jambo lenyewe liko kwetu nyumbani, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha guka.

Ni kofia. Ni tarbushi ndefu iliyokuwa nyekundu, lakini sasa imefifia ikawa kama udongo wa shamba letu. Ilikuwa ya baba yake guka, aliyekuwa askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Alivyotoka nayo jeshini hakuna ajuaye, maana mali ya serikali hurudishwa.

Tulipokuwa tukifanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza juu ya Mau Mau, mimi nilipewa sehemu ya askari. Nikasema, kwani nitafute kofia ya karatasi na ya kweli iko nyumbani? Nikaitoa sandukuni, nikaivaa, nikatoka uani kwa mwendo wa gwaride, kushoto kulia, kushoto kulia. Cucu alikuwa ameketi akipukuchua mahindi. Aliponiona mikono yake ilisimama.

"Vua hiyo kitu," akaniambia. "Jikoni mwangu huingii nayo."

Guka akasikia, akatoka. Akamwambia cucu kwamba kofia hiyo ndiyo iliyomlipia karo, na tena wale waliokuja kijijini mwaka wa 1954 hawakuvaa tarbushi, walivaa kofia za pama. Cucu akamjibu, "Kofia ni kofia. Wewe ulikuwa ukihesabu kofia, mimi nilikuwa nikitazama nyumba ya mama ikiungua." Wakati huo cucu alikuwa na miaka sita. Anataka kofia ichomwe kabla ya jamaa kukutana mwezi wa Disemba. Guka naye hataki hata kusikia. Mwishowe akanielekezea mimi kidole: "Huyu ndiye anasoma. Aamue yeye." Jamani, mzigo wa watu wawili wazima ukatuliwa kichwani mwangu!

Nikaona kabla ya kuamua, heri nijue kofia yenyewe ni nini. Mwenzangu, tarbushi si ya Mkikuyu, na si ya Mwingereza vilevile. Jina lake la kizungu limetokana na mji wa Fes huko Morocco. Katika miaka ya 1820, Sultani Mahmud wa Pili aliwavika wanajeshi wake wa Uturuki. Ikaenea Misri na Sudan, na Mwingereza alipoanza kuandika askari huku kwetu, Wasudani walikuwa miongoni mwa wale wa kwanza. Keya ilipoundwa mwaka wa 1902, tarbushi ikawa ndiyo kofia ya askari Mwafrika. Kichekesho ni kwamba Waturuki wenyewe waliipiga marufuku kwa sheria mwaka wa 1925, lakini askari wa Keya waliendelea kuivaa kwenye gwaride mpaka uhuru ukapatikana.

Na kuna jambo lililoniuma zaidi. Katika miaka ile ya kwanza, askari huyo mwenye tarbushi alitembea pekupeku, au kwa ndala tu za ngozi. Ofisa wake Mzungu alivaa buti. Sababu waliyotoa ni kwamba Mwafrika hajazoea viatu. Ebu fikiria! Kichwani fahari, miguuni miiba. Mwenye kutaka kujua ukoloni ulikuwaje hahitaji kitabu kikubwa, amtazame askari huyo kutoka juu hadi chini.

Katika mjadala ule, upande wetu ulisema kwamba Waingereza wenyewe wanatunza kofia zao, kwa hivyo na sisi tutunze. Ni kweli wanazitunza. Zile kofia kubwa za manyoya ya dubu tunazoziona kwenye picha za jumba la mfalme kule London, kikosi cha Grenadier kilipewa baada ya kuwashinda Wafaransa pale Waterloo mwaka wa 1815. Kikosi cha Gloucestershire kilivaa nembo mbili, moja mbele na moja kisogoni, kwa sababu mwaka wa 1801 huko Misri askari wake walizingirwa, wakapigana mgongo kwa mgongo. Kwa Mwingereza kila shada, kila unyoya na kila kifungo kina hadithi ya babu zake.

Lakini sasa naona hoja yetu ilikuwa na ufa. Mwingereza anavaa hadithi aliyojitungia mwenyewe. Sisi tulivikwa. Baba yake guka hakuulizwa kama anaitaka tarbushi, alipangwa foleni akapewa. Kwa hivyo hatuwezi kusema ati kwa kuwa wao wanavaa zao, na sisi tuvae hii. Hapo waliotushinda walikuwa na haki, na leo nakubali hadharani.

Walipokosea ni pale waliposema ichomwe. Nitatoa mfano wa mtu wa hapa kwetu Nyeri, Waruhiu Itote, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Jenerali China. Huyu alikuwa askari wa Keya katika Vita vya Pili vya Dunia, akapelekwa kupigana na Wajapani huko Burma. Huko msituni walivaa kofia za pama, si tarbushi. Alirudi nyumbani, na hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, ujuzi ule wa vita aliofunzwa na Mwingereza akautumia dhidi ya Mwingereza huyo huyo, akiwaongoza wapiganaji wa Mlima Kenya hadi alipokamatwa mwaka wa 1954. Sasa niambieni, kofia yake ya Burma ni ya msaliti au ya shujaa? Kichwa kilikuwa kimoja! Tukichoma kofia zote za jeshi la mkoloni, tutakuwa tumechoma nusu ya maisha ya Jenerali China.

Tena hii si habari ya zamani iliyokufa. Ukifika Nanyuki utakutana na wanajeshi wa Uingereza ambao bado huja kufanya mazoezi. Sikukuu ya Jamhuri ukitazama gwaride letu, lile la kuzipitisha bendera za vikosi mbele ya Rais ni mtindo tuliorithi kutoka kwao, maana tarehe 12 Disemba 1963 vikosi vya Keya vya hapa Kenya viligeuzwa jina tu, vikawa Kenya Rifles. Hata maskauti wa shule yetu huenda kila Februari kwenye kaburi la Baden-Powell hapa mjini, jenerali wa Mwingereza aliyezikwa mwaka wa 1941, na hakuna anayesema kaburi lifukuliwe. Nao Waingereza, mwaka wa 2013, serikali yao ilikubali kwamba watu wetu waliteswa wakati wa hali ya hatari, ikakubali kuwalipa wazee zaidi ya 5,000. Kama wao wamekubali yaliyotendeka, sisi tutafaidika nini kwa kuchoma ushahidi?

Msimamo wangu ni huu. Kuvaa ni kitu kimoja, kuweka ni kingine. Kofia ikiwa kichwani inasifu. Ikiwa kabatini inashuhudia. Mimi nilikosea kuivaa mbele ya cucu na kupiga gwaride kama mtu wa sarakasi. Mwenye kuumia ndiye anayejua kidonda kiko wapi. Kwa hivyo nasema isivaliwe tena, iwe ni mchezo au si mchezo. Vilevile isichomwe, kwa sababu majivu hayamfundishi mtu.

Namwomba mwalimu mkuu, pamoja na mlezi wa chama chetu, tupate kabati dogo la kioo ndani ya maktaba. Hakuna gharama kubwa, fundi wa Ruring'u anaweza kulitengeneza kwa mbao. Ndani tuweke kofia hii, na kila mwanafunzi ambaye kwao kuna kitu cha wakati ule akilete: kipande, kibuyu cha msituni, picha, chochote. Vya Keya na vya Mau Mau vikae kabati moja, kama vilivyokaa katika jamaa zetu.

Niliwaeleza guka na cucu uamuzi wangu jioni moja baada ya chakula. Guka alifurahi haraka, nadhani kwa kuwa aliona ameshinda. Cucu alinyamaza muda mrefu, nikadhani amekataa. Kisha akasema, "Ukiandika ya kofia, andika na ya nyumba ya mama. Usipoiandika, nitakuja huko shuleni mwenyewe na kiberiti."

Basi nimeiandika. Ilikuwa nyumba ya udongo na nyasi, chini ya migomba mitatu, na mtoto wa miaka sita aliitazama ikiungua akiwa ameshikilia gauni la mamaye. Siku kofia itakapoingia kabatini, karatasi yenye maneno haya itawekwa kando yake. Sasa nangoja jibu la wakubwa wetu, na kiberiti cha cucu kiko tayari.