West Nile: Mavuno ya kwanza baada ya dhoruba hayamalizi hasara

Katika maeneo ya Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mavuno yanayofuata mwaka wa dhoruba huonekana kuwa mwisho wa shida. Kwa familia nyingi za wakulima, huo ndio mwanzo wa kulipa.

Upepo mkali na mvua ya mawe huangusha mtama, ufuta na maharage ya msimu mmoja. Muhogo, akiba ya chakula inayoweza kukaa ardhini zaidi ya mwaka, huumia kwa namna nyingine: mashina yakivunjika na kukauka, familia hukosa vipando vya msimu unaofuata. Hivyo gunia la kwanza hugawanywa mafungu matatu: mbegu, deni na chakula.

Mzigo huo hauwaelemei wenyeji peke yao. Koboko ina makazi ya wakimbizi ya Lobule, na tangu Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lipunguze mgao nchini Uganda mwaka 2023, wakimbizi wengi wanategemea zaidi masoko na mashamba yale yale.

Msaada unaokoma mavuno ya kwanza yanapoingia ghalani, basi, hukoma mapema mno. Kipimo cha kupona ni mbegu inayobaki kwa msimu wa pili.